Nilikwenda Mbulu Kutibiwa Mgongo, Wakanitibu Miguu

Tangu nimerudi, kila ninayekutana naye bombani ananiuliza swali moja: "Martina, walikuchoma sindano gani?" Nikimjibu kwamba sikuchomwa sindano hata moja, anacheka, anadhani namficha. Nimeona niandike mara moja, anayetaka asome. Habari za barua ya ruhusa na mihuri yake naziacha, kwa sababu nyote mmewahi kuzunguka ofisi zile na hakuna jipya la kuwaambia.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni mzaliwa wa Endagikot, na huu ni mwaka wangu wa nne kuendesha mashine katika shamba hili la ngano la serikali. Wakati wa kupanda naendesha trekta, wakati wa kuvuna naendesha kombaini. Kambini kwetu mwanamke mwenye kazi hiyo ni mimi peke yangu. Sikuipata kwa kupendelewa. Niliipata kwa sababu siku ya majaribio niligeuza trekta na haro yake ya kulainisha udongo mwisho wa shamba bila kukanyaga mstari, na wanaume watatu kabla yangu walikuwa wameukanyaga.

Mgongo ulianza kuniuma mwaka wa pili, hapa chini, juu kidogo ya makalio. Mwanzo ulikuwa unaniuma jioni tu. Baadaye ukawa unaamka pamoja nami. Kisha, msimu huu wa kupanda, siku moja nilizima trekta nikashindwa kushuka. Wenzangu wawili walinibeba kutoka kitini kama gunia, na shamba zima lilisimama kutazama. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka. Mimi sitasahau.

Kesho yake Mzee Hhando, msimamizi wetu, aliniita.

"Binti yangu," akasema, "kombaini yako nitampa Daniel. Wewe utakwenda stoo kushona magunia. Kushona magunia si dhambi."

"Si dhambi, mzee. Lakini nipe nafasi mpaka kabla ya kuvuna. Niende Mbulu hospitali. Nikirudi unipime kazi ya siku nzima. Nikishindwa, nitashona magunia na hutanisikia nikisema neno."

"Siku nzima," akasema. "Si nusu."

Ndivyo nilivyoondoka, baada ya karibu miezi miwili ya kungoja barua ya ruhusa.

Kambini hadi Dirma

Nilipata nafasi kwenye tela la trekta lililokuwa linapeleka mapipa matupu. Kukaa sikuweza. Nilitandika magunia katikati ya mapipa nikalala kifudifudi, kidevu juu ya mikono. Kila tulipopita shimo, mapipa yaligongana na mimi niliuma kitambaa cha kichwa. Ngano ilikuwa imeota vizuri pande zote mbili, kijani mpaka macho yanapoishia, na mistari mingine niliipanda mimi. Niliitazama kwa upande mmoja wa jicho, kama mgonjwa anavyotazama chakula cha wenzake.

Tulipofika Dirma dereva akazima injini. Mvua ya usiku ule ilikuwa imeujaza mto, na njia yetu ya kawaida ya kupandia Mbulu ilikuwa chini ya maji.

"Kesho yatapungua," akasema dereva.

Kesho yake yaliongezeka.

Nilikaa Dirma siku mbili nyumbani kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mkewe alinipa ugali na maziwa ya mgando, na maboga yaliyochemshwa, na hakutaka niguse hata kijiko cha kuosha. Shida ilikuwa wageni. Habari ya mwanamke wa kombaini aliyevunjika mgongo ilifika kila nyumba, na kila nyumba ilileta ushauri. Mmoja alisema ni figo. Mwingine alisema ni baridi ya kulala chini. Mama mmoja alisema wazi kwamba mwanamke akikalia chuma muda mrefu tumbo la uzazi linashuka, na akanitazama kana kwamba amekwisha kuliona. Mzee mmoja aliyekuwa ananusa ugoro alisema dawa ni kukanyagwa mgongo. Yeye mwenyewe ni mwepesi mno, akasema, lakini anaye mdogo wake mnene. Akaenda kumwita. Mdogo wake alikuja kweli, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo kaka," nikamwambia nikiwa nimeegemea ukuta, "na ahsante sana. Lakini sitaki."

Alivaa viatu vyake akiwa amehuzunika. Nadhani alikuwa ametoka mbali.

Kwenda Gendabi kwa miguu

Siku ya tatu nilichoka kungoja. Nilisikia kwamba Gendabi kuna lori la maharage linalokwenda Mbulu kwa barabara nyingine, na kwamba mama mmoja wa Kimang'ati aitwaye Udamalla anarudi huko na punda wake wawili waliobeba mahindi. Nikamwomba tuongozane.

Kutembea kulinifaa kuliko kulala, lakini hatua zangu zilikuwa fupi. Udamalla alikuwa mtu mzima kunizidi, bangili za shaba mikono yote miwili, na alikwenda kama aliyevutwa na kamba. Kila baada ya muda alisimama kuningoja. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kimang'ati changu ni cha salamu tu. Tuliongea zaidi na punda.

Tulifika kwake alasiri. Kina mama wa nyumba ile walikuwa wameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu wameinyoosha mbele, wanachambua maharage. Udamalla akapiga ngozi kwa kiganja: kaa. Nikasema ahsante, nitasimama. Akapiga tena. Nikasema tena, nitasimama. Wote wakaacha kuchambua. Mmoja akasema neno kwa lugha yao, na Udamalla akanigeukia uso ukiwa umebadilika.

"Wewe Mmbulu wa kanisa," akasema, "ngozi yetu inanuka?"

Niliona aibu kubwa. Mtu amenitembeza siku nzima, amenipa maji kutoka kibuyu chake, halafu anadhani nadharau kuketi kwake. Nikasema hapana, mama, nikajishusha pale pale. Niliketi. Nikajaribu kunyoosha miguu kama wao. Magoti yakakataa. Niliyasukuma chini kwa mikono. Yakishuka mimi nilikuwa naanguka chali. Nikiinuka, magoti yanainuka. Nikajaribu mara tatu, na mara ya tatu niliviringika mpaka kwenye maharage.

Bibi mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa nguo yake. Udamalla hakucheka mara moja. Alipiga magoti nyuma yangu, akaniegemeza kifuani mwake kama mtoto, akaweka mkono juu ya goti langu na kulibonyeza pole pole. Nyuma ya paja palivuta kama waya wa uzio.

"Ah," akasema. "Hudharau. Huwezi."

"Siwezi, mama."

Ndipo akacheka. Nilipewa maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu, nikayanywa nikiwa nimelala ubavu, na yalikuwa matamu kweli.

Lori la maharage

Dereva wa lori alikubali kunichukua bila maneno mengi, ila kiti cha mbele kilikuwa na mama mwenye mtoto mchanga. Nilisimama nyuma juu ya magunia nimeshika bomba, na nilifurahi, kwa sababu kusimama niliweza. Tulipata pancha mara mbili. Pancha ya pili hakukuwa na tairi la akiba, na tulikaa karibu siku nzima tukimsubiri utingo aliyekwenda kutafuta gundi. Watu walichoma mahindi. Mchungaji mmoja aliyesafiri nasi alituongoza kuimba, kisha sauti ikamwishia, kisha wote tukawa tunaitazama barabara tu.

Tulipoanza kupanda, hewa ikabadilika. Nilivaa vitenge vyote viwili nilivyokuwa navyo. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde, na juu yake nyumba za kwetu, na moshi unatoka kwenye paa za nyasi. Waliozaliwa tambarare hawajui raha ya kurudi kwenye baridi yako.

Endagikot, na foleni isiyo yangu

Shangazi Fausta, dada wa marehemu baba, alinipokea kwa makande ya moto na kwa kilio. Alilia kwa sababu nilishuka kwenye lori kinyumenyume, nimeshika kiuno.

Asubuhi tulitembea naye mpaka mjini, hospitali. Kulikuwa na watu wengi. Muuguzi mmoja mwenye haraka alinitazama jinsi nilivyosimama, tumbo mbele, mikono mgongoni, akanishika bega akanipeleka kwenye benchi la kina mama. Mimi nilidhani ndipo wanapoanzia wote. Nilisubiri kwa utii. Jua lilipopanda nikaitwa ndani.

"Miezi mingapi?" akauliza mkunga.

"Tangu msimu wa mwaka juzi," nikasema.

Aliweka kalamu chini.

Shangazi, aliyekuwa mlangoni, ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia, "Huyu hana mimba! Huyu ana trekta!"

Mkunga alicheka mpaka akashika meza. Lakini alinisaidia. Alimwita daktari, daktari akanipima, akaniuliza habari za mkojo, za homa, za ganzi miguuni, akanigonga magoti kwa kinyundo. Akasema hayo yote ni mazuri, na kwamba mtu ninayemhitaji yuko chumba cha mwisho.

Chumba cha mwisho

Mtu wa chumba cha mwisho ni Mama Ndeshi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mzaliwa wa Kilimanjaro, mfupi, mwenye mikono ya mpiga randa. Hakuanza na mgongo. Alinilaza chali, akaniambia nilegee, akashika kisigino changu na kuuinua mguu ukiwa umenyooka. Haukufika popote. Ulikwama ukiwa kama mlango uliofunguliwa kidogo tu, na paja kwa nyuma likaanza kutetemeka. Akaweka kando ya mguu kifaa chake cha kupimia, kama rula mbili zilizounganishwa ncha, akaandika. Mguu wa pili, vile vile.

Kisha akanivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akaniambia nikumbatie goti moja kifuani na kuuachia mguu mwingine uning'inie. Haukuning'inia. Ulibaki juu hewani wenyewe, kama unangoja kuagizwa.

"Unafanya kazi gani?"

"Naendesha trekta na kombaini."

"Saa ngapi kwa siku?"

"Toka umande ukauke mpaka jua litue."

"Na unashuka mara ngapi?"

Nikafikiri. "Mara moja. Kula."

Akakaa kwenye kigoda chake. Alinieleza bila haraka, na nawaeleza ninyi alivyonieleza. Misuli ya nyuma ya mapaja imefungwa kwenye mfupa wa nyonga kwa chini. Misuli mingine ya mbele inatoka kwenye paja na kupanda mpaka kwenye mgongo wenyewe. Mtu akikaa siku nzima magoti yamekunjwa, miaka na miaka, misuli hiyo inakaza. Halafu akiinama kuokota kitu, nyonga haigeuki kwa sababu imeshikwa, na mgongo unalazimika kuinama peke yake kwa niaba ya wote.

"Kwa hiyo mgongo hauna kosa?" nikauliza.

"Sijasema hivyo. Wapo wanaoumwa mgongo na miguu yao ni laini, na wapo waliokaza hawaumwi kitu. Na wakati mwingine maumivu ndiyo yanayotangulia, misuli inajikaza kuulinda mgongo. Siwezi kukuapia kilichoanza kwako. Lakini hii miguu, mama, tukiiacha hivi, kitini kwako hutarudi."

Nilimpenda kwa kutoniapia. Dirma wote waliniapia.

Shangazi alikuwa amesikia kipande kimoja tu cha maneno yale. Tulipokaribia nyumbani akanishika mkono. "Mwanangu, wanasema misuli imekuwa mifupi. Watakukata waunge?"

"Hapana, shangazi. Nitavuta kwa khanga."

"Khanga!" akasema. "Tumetembea kote huko kwa ajili ya khanga?"

Wiki tano

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi na jioni nalala chali, napitisha khanga chini ya unyayo, nainua mguu ulionyooka mpaka uanze kuvuta, nashikilia na kupumua nikihesabu mpaka thelathini, nashusha. Mara tano kila mguu. Bila kurusharusha. Kisha goti moja chini, jingine mbele, nasukuma nyonga, ili misuli ya mbele nayo ifunguke. Kisha navuta vigimbi, mikono nimeiegemeza ukutani. Halafu namalizia kwa kuinua makalio kutoka chini, mgongo upate nguvu zake. Na kila siku, isipokuwa Jumapili, natembea Endagikot mpaka mjini na kurudi.

Wiki ya kwanza nililia. Siwafichi. Haikuwa kwa maumivu, bali kwa sababu hakuna kilichobadilika, na ngano ilikuwa inakua bila mimi. Wiki ya pili kina mama wa jumuiya walikuja kwa shangazi kusali wakanikuta chini, mguu mmoja juu, khanga mikononi, nahesabu kwa nguvu. Mmoja alirudi mpaka uani akaanza sala ya kufukuza pepo. Shangazi, yule aliyeidharau khanga, akamfuata na kumrudisha kwa mkono. "Ingia ukae. Anavuta misuli yake. Ishirini na tatu, Martina, usipunje."

Wiki ya tatu niliamka nikafunga kamba za viatu vyangu. Nilikuwa nimeshamaliza kufunga ndipo nikatambua kwamba nimeinama. Nilizifungua nikafunga tena.

Siku ya mwisho Mama Ndeshi aliuinua mguu wangu, ukapanda, ukapanda, mpaka ukasimama karibu wima kama mti wa bendera. Alipima mara mbili. Alinionyesha namba ya kwanza na namba ya sasa.

"Utaumwa tena siku nyingine," akaniambia mlangoni. "Usiogope. Shuka kitini, nyoosha, tembea, rudi. Ukiacha kunyoosha, misuli itarudi ilikokuwa."

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi, nami naandika kwa ufupi. Lori mpaka Gendabi, na safari hii nilikaa. Nilipita kwa Udamalla na sukari kidogo aliyonipa shangazi, maana siku hizi sukari ni zawadi ya harusi. Sikungoja kukaribishwa. Niliketi kwenye ngozi, nikanyoosha miguu yote miwili mbele, nikavuta ungo nikaanza kuchambua. Udamalla alibonyeza goti langu kwa kidole, likiwa limelala chini. Akawaita wa nyumba ya pili waje waone.

Mto ulikuwa umekauka. Kutoka Dirma sikungoja tela. Nilitembea mpaka kambini, mzigo kichwani, na ngano ilikuwa imegeuka rangi ya simba.

Siku nzima

Mzee Hhando hakusahau neno lake, nami sikutaka asahau. Siku ya kwanza ya kuvuna alisimama chini ya kombaini, mikono nyuma. Daniel, aliyekuwa amepewa mashine ile, alisimama pembeni na kitambaa cha grisi. Nyote mlikuwapo.

Nilipanda ngazi bila kushikwa.

Kila baada ya mizunguko michache nilisimamisha mashine mwisho wa shamba, nikashuka, nikaweka kisigino kwenye ngazi, nikainama kutoka nyongani na kuhesabu. Mliopiga miluzi niliwasikia. Mzee Hhando alitazama saa yake kila nilipofanya hivyo, na nilijua anahesabu muda ninaopoteza. Sikupunguza hata moja. Saa tisa mgongo ulinong'ona. Nilishuka, nikanyoosha, nikatembea kwenye mabua, nikarudi kitini. Ukanyamaza. Jua lilipoinama kipande changu kilikuwa kimekwisha, mistari imenyooka, na mashine ya jirani yangu, ambaye hakushuka hata mara moja, ilikuwa bado imebakiza pembe nzima.

Mzee Hhando alizunguka kipande kile kwa miguu. Alirudi, akasema, "Kombaini ni yako," akaondoka. Baada ya hatua chache aligeuka. "Na hicho unachofanya ngazini, kesho wafundishe."

Nilijivuna, na nasema hivyo bila kuomba radhi. Wamekwisha kuwapo madereva wengi hapa walioshushwa wakaenda nyumbani na hawakurudi. Mimi nilishushwa kama gunia na nikapanda tena kwa miguu yangu.

Lakini jambo ninalotaka mlijue ni hili, na mwenyewe ameniruhusu kuliandika. Watu walipokwenda kuoga, Daniel alibaki. Alisugua mikono kwa kitambaa mpaka nikadhani ngozi itatoka. Nilifikiri amekasirika kwa ajili ya mashine.

"Dada Martina," akasema, "mimi pia. Tangu mwaka jana. Asubuhi mke wangu ndiye anayenivisha viatu. Sikusema, kwa sababu nilikuona walivyokubeba."

Nilitandika magunia mawili kwenye kivuli cha gurudumu, nikamwambia alale chali na alegee. Alilala, macho yake juu, kama mtu anayesubiri kuchomwa. Nikashika kisigino chake, nikaanza kuuinua mguu, taratibu, nikitazama utakapokwama.